Koti la Dominikus na Mchuzi wa Magome

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya baridi. Nalisema hilo mapema msije mkadhani nilikuwa na kiu ya elimu. Elimu yangu ni darasa la pili na nusu, na ile nusu ni kwa kuwa mwalimu alihamishwa tukiwa katikati ya hesabu za kugawanya, na kugawanya mpaka leo sikujui vizuri. Nilikuwa mmenyaji wa magome ya miti ya miwati katika mashamba yaliyo nje ya Njombe, enzi za Mwingereza. Unaamka alfajiri, majani yamekuwa meupe kwa umande ulioganda, unashika shoka, chuma chake kinakung'ata vidole. Na gome la mwati linabanduka vizuri likiwa na maji, kwa hiyo mvua ikinyesha ndipo wanakuhimiza zaidi. Nilikuwa na miaka ishirini hivi, lakini mikono yangu ilikuwa ya mzee.

Basi ikasikika kwamba kiwanda kitajengwa palepale kwetu, cha kuyapika yale magome yatoe dawa ya kutengenezea ngozi. Kiwanda! Maana yake bati juu, moto chini. Mimi sikusikia neno jingine. Bwana Meneja, Mwingereza mrefu mwenye masharubu yaliyogeuka manjano kwa tumbako, akafungua darasa la jioni kwa sisi wamenyaji, akamweka Mwalimu Ayubu atufundishe. Baadaye akatangaza kwamba wanafunzi wanne watapelekwa Kenya, wakiongozwa na Mwalimu, kuona viwanda na biashara za huko, na wakirudi atachagua mmoja wa kukaa kwenye matangi ya kupikia. Mmoja tu. Watatu watarudi kwenye shoka.

Mimi nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwa namenya kuliko wote. Wawili walikuwa ndugu kutoka Ipelele, wakiongea Kikinga wao kwa wao, hawakuniumiza kichwa. Wa nne alikuwa Dominikus.

Sasa huyu Dominikus. Alikulia misheni kwa mapadri. Sisi wengine ni Walutheri. Alisoma mpaka darasa la nane. Alikuwa na Kiingereza, alikuwa na kalamu ya wino, alikuwa na daftari la jalada gumu, na alikuwa na koti. Lilikuwa koti la sufu, zito, la kijivu, padri mmoja alimwachia alipokwenda kwao Ulaya. Kwa Njombe, mwezi wa Juni, koti kama lile ni nyumba. Mimi nilikuwa na blanketi nililolitoboa tundu la kupitisha kichwa. Kila asubuhi nilimtazama akifunga vifungo vyake nami nikihesabu. Vilikuwa sita. Hesabu hiyo haikunishinda.

Siku ya kuondoka, asubuhi na mapema, tulipanda lori la mbao pale Njombe. Mama alinifungia viazi vya kuchemsha vya kula siku mbili, akanisindikiza, akaniambia mbele ya watu, "Usile upesi kama nyumbani." Watu wakacheka. Dominikus alisindikizwa na masista wawili, hakuna aliyemwambia neno la kula. Na dereva, kumbe ni wa kanisa lao, akamwita mbele: "Dominikus, njoo ukae hapa." Sisi tukapanda juu ya mbao. Nilikaa nikitazama paa la lori, nikijua chini yake kuna mtu amekaa kwenye kiti chenye mto, amefunga vifungo sita.

Makambako tulifika mchana. Siku zile Makambako haikuwa kitu. Njia panda, nyumba chache, hoteli ya wazungu wanaopita, na upepo. Upepo wa Makambako nadhani hauna kwao, unazunguka tu pale ukitafuta mtu asiye na koti. Tulilisubiri basi la kampuni ya reli litokalo Mbeya, saa baada ya saa. Mwalimu Ayubu alijikunja nyuma ya masanduku. Dominikus akaniona ninavyotetemeka, akaanza kufungua vifungo.

"Vaa kidogo, mnyalukolo, ndugu yangu. Tupokezane."

"Sina baridi," nikasema. Meno yalikuwa yanagongana, hata ndugu wa Ipelele waliyasikia.

"Yeremia, mbona unatetemeka?"

"Ni njaa."

Akachukua kiazi chake akanipa. Nikakikataa na hicho. Mwalimu Ayubu akafumbua jicho moja akasema, "Huyu Yeremia ametoka kwao na kichwa chake mwenyewe." Ndivyo nilivyokuwa. Mtu akiwa na kitu unachokitaka halafu akakupa, inauma kuliko akikunyima. Akikunyima unapata la kusema.

Iringa, Dodoma, Kondoa, Arusha. Siku nne za vumbi. Sitasimulia kila kilima. Dodoma nilipata joto kwa mara ya kwanza maishani, nikavua blanketi, nikawaza labda nibaki hapahapa nichunge mbuzi za Wagogo. Lakini maji yao yana chumvi. Namanga ofisa wa mpakani akazisoma karatasi zetu, akaongea Kiingereza na Dominikus, wakacheka wote wawili. Nilimuuliza wamecheka nini.

"Amesema tuko mbali na kwetu."

"Hilo ndilo la kucheka?"

"Kwa Kiingereza linachekesha kidogo."

Niliona hata kicheko anacho cha ziada.

Nairobi tulipelekwa kwanza kwenye kiwanda cha mikate. Mikate inatembea yenyewe juu ya mkanda, haijaguswa na mtu, imepangwa kama askari. Mhindi mwenye kiwanda alitupa mkate mmoja kila mtu, wa moto, na nilipoushika mkononi ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimejidanganya: kiwanda ni joto. Kesho yake tukaona viatu vinashonwa. Fundi mmoja alimpima Dominikus mguu kwa kuonyesha tu jinsi wanavyopima. Mbona hakuupima wangu? Wangu ndio uliokuwa hauna kiatu. Dominikus aliandika yote: mkanda, sindano, gundi, saa za kazi. Daftari lilikuwa limejaa nusu. Mimi nilikuwa nakariri, na kufika jioni nilikuwa nimebakiwa na mkate tu.

Kutoka Nairobi tukapanda treni, tukapita Nakuru, tukashuka katika mji mmoja wa baridi unaofanana na kwetu. Huko ndiko kilikokuwa kiwanda cha magome, ndicho hasa tulichotumwa kukiona. Alitupokea nyapara wa matangi, Mluhya mnene, Mzee Wanjala, sauti kubwa kwa sababu ya kuzoea kelele za mitambo.

"Nyinyi ndio watu ya Tanganyika? Mumetembea mpaka mumekuwa rangi moja na barabara! Kujeni ndani, kujeni kwa moto."

Kwa moto! Nilimpenda papo hapo.

Ndani, magome yanakatwakatwa, yanatiwa kwenye matangi makubwa kama nyumba, yanachemshwa, maji yanatoka mekundu, yanahamishwa tangi hadi tangi, yanazidi kuwa mazito, mwisho yanamwagwa kwenye magunia na kuganda kama jiwe jeusi. Mimi niliyaita mchuzi, na mpaka leo nayaita hivyo. Mzee Wanjala akatuonyesha kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya mchuzi na kusema umefikia wapi. "Hiki ni cha wazungu," akasema, "kikivunjika mimi nafanya kazi na hiki." Akatoa ulimi. Akachota mchuzi kwa kata ndogo ya bati, akausubiri upoe, akaonja, halafu akampa kata Dominikus.

Hapo lazima niwaeleze, maana wengine mmezaliwa juzi. Kwetu mwenyeji akikupa kinywaji anaonja yeye kwanza, ujue hakuna sumu. Akishaonja akakupa, unakunywa mpaka uone chini ya chombo. Ukitema umemwambia mbele ya watu kwamba ni mchawi. Tulilelewa hivyo sote, Mkatoliki na Mlutheri. Na Mzee Wanjala alipoonja alikuwa amegeuka upande wa tangi. Hatukuona kwamba alitema.

Dominikus alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akanywa. Nikayaona macho yake yakitoka. Lakini sikuwaza kuhusu macho yake. Niliwaza, mbona kapewa yeye kwanza? Ni koti. Mwenyeji ameona koti akadhani huyu ndiye mkubwa wetu. Alipofika nusu nikaipokonya ile kata, nikainywa hadi chini, kisha nikaichovya tena mwenyewe nikaongeza, ili mwenyeji aone ni nani kati yetu anayejua heshima. Ndugu wa Ipelele wakanywa. Mwalimu Ayubu, macho yamefumbwa, naye akanywa.

Mzee Wanjala alikuwa amesimama mdomo wazi.

"Mumekunywa?"

"Tumekunywa, mzee. Ahsante," akasema Mwalimu.

"Mumemeza?"

"Tumemeza."

"Mungu wangu! Hii ni ya ngozi ya ng'ombe! Matumbo yenu sasa itakuwa viatu!"

Aliita kiwanda kizima waje kutuona. Mimi nilikuwa siwezi kujibu, ulimi umekaza kama kipande cha ubao, mashavu yameshikana na meno. Dominikus alitoka mbio kwenda nyuma ya ghala, na ndugu wa Ipelele wakamfuata. Nilikuwa nimekunywa mara mbili, na mimi ndiye niliyebaki nimesimama. Mnaona wivu unavyoweza kumsimamisha mtu.

Baada ya muda Mzee Wanjala akarudi na makopo matatu, anacheka bado. "Wewe uliyeongeza, kuja. Kama umependa, niambie sasa ni gani imeiva." Nikaonja, na safari hii nikatema. La kwanza halikuwa na kitu, uchungu wa juu juu. La pili lilivuta pembeni mwa ulimi, pande zote mbili, na kukausha mashavu. La tatu liliuma kooni na lilikuwa na moshi. Nikamwambia hili la pili ndilo, la tatu limepitiliza. Akaacha kucheka. Akanigeuza uso ukutani, akachanganya makopo, akanipa tena, nikapata. Mara ya tatu nikapata.

"Nani alikufundisha?"

Nilimwambia ni Mama. Mama alikuwa Mlutheri siku ya Jumapili na mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, siku sita zilizobaki. Mianzi aliachiwa na baba, akatulea nayo. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akinipa nionje kabla ya kuupeleka kwa wanywaji: huu ni mtamu bado, huu umekomaa, huu umepita, utawapiga watu. Ulimi wangu ndio ulikuwa shule yangu, na huko sikuishia nusu.

Dominikus alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka nyuma ya ghala, amekuwa wa kijivu kuliko koti lake. Akamsikia Mzee Wanjala akimwambia Mwalimu, "Huyu kijana ana ulimi. Hii haifundishwi kwa kitabu." Siku ile, nawaambieni, sikuhesabu vifungo vya mtu.

Wakati wa kuagana Mzee Wanjala alimpa Mwalimu chupa tatu za mchuzi, changa, iliyoiva na iliyopitiliza, akakwaruza alama kwenye vizibo ambazo Mwalimu peke yake alizijua. "Mupelekee mzungu wenu," akasema. Tukazifunga ndani ya blanketi langu.

Kurudi, njia ni ileile, vumbi ni lilelile. Tulifika tena Makambako kama saa tisa mchana, lori la Njombe halijaja, na upepo ulikuwa unatungoja palepale tulipouacha. Dominikus akaja kukaa karibu nami. Akafungua daftari.

"Mnyalukolo, humu nimeandika kila kitu. Kimebaki kimoja. Siku ile nilikuwa nyuma ya ghala, sikusikia. Ile iliyoiva unaijuaje?"

Nilijikunja kuukwepa upepo.

"Blanketi lako limefunga chupa," akasema, "shika hili." Akavua koti akanivika mabegani. Safari hii sikukataa. Niliingiza mkono mmoja, nikaingiza wa pili. Nikafunga kifungo cha kwanza mpaka cha sita. Jamani, joto lile! Lilikuwa na joto lake yeye, alikuwa amelivaa sasa hivi. Na nikiwa ndani ya joto la mwenzangu nikamwambia, "Iliyoiva inauma kooni, huku nyuma. Ina moshi kidogo."

"Kooni tu? Pembeni mwa ulimi je?"

"Pembeni ni changa hiyo."

Akaandika. Niliitazama kalamu inavyokwenda. Akiwa na shati tu, vidole vinamtetemeka, mwandiko wake ukawa mbaya kama wangu. Kisha akaandika jina langu mwishoni mwa mstari, nikalisoma, maana jina langu nalijua. Akasema, "Nimeandika kuwa ni wewe umenifundisha. Mwenye kujua atajwe."

Njombe, siku ya pili yake, tuliitwa ofisini kwa Bwana Meneja. Kulikuwa na jiko la moto pembeni, na nilisimama karibu nalo makusudi. Dominikus akasoma daftari lake, Kiingereza, Kiswahili, Kiingereza, mkanda, sindano, matangi. Bwana Meneja alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, masharubu yanacheza. Niliona kazi yangu inaondoka. Ndipo Mwalimu Ayubu akazitoa chupa.

"Kipimo cha kioo kiko bado baharini," akasema Bwana Meneja. "Haya, Dominikus, tuonyeshe. Ipi imeiva?"

Dominikus akaonja ya kwanza. Akaonja ya pili, akasimama nayo kidogo, akalamba midomo. Akaonja ya tatu. Akalitazama daftari. Akaiweka ya tatu mezani mbele ya Bwana Meneja.

Mwalimu akatazama kizibo. "Hiyo imepitiliza, Bwana. Imeungua."

Bwana Meneja akageuka. "Yeremia?"

Ningeweza kuchagua ya tatu. Uwongo wangu ungebaki salama, tungekuwa wajinga wawili. Nilionja ya kwanza, nikaonja ya pili, nikaisukuma mbele. "Hii."

"Ndiyo yenyewe," akasema Mwalimu.

Bwana Meneja akamuuliza Dominikus, "Nani alikwambia ni hiyo ya tatu?"

Daftari lilikuwa wazi juu ya meza. Jina langu niliona lilipo, mwisho wa mstari, kwa ule mwandiko wa kutetemeka. Dominikus akalifunga taratibu.

"Hakuna, Bwana. Niliandika vibaya. Nilikuwa naumwa tumbo siku ile."

Bwana Meneja akacheka, maana habari ya kunywa mchuzi ilikuwa imeshafika. Nami nikacheka pamoja naye. Kicheko kile nakikumbuka kuliko safari nzima.

Kazi nikapata mimi.

Kiwanda kilipowashwa kwa mara ya kwanza ilikuwa mvua, mvua ya Njombe isiyojua kuacha. Nilisimama kwenye tangi langu, kata mkononi, jasho linanitoka. Magome yaliletwa na wamenyaji hadi mlangoni. Dominikus aliingia na mzigo wake begani, koti limelowa hadi limekuwa jeusi, vifungo vimebaki vitatu. Akautua, akasogea kuota moto.

"Kamwene," akanisalimia, vilevile kama siku zote.

"Kamwene."

Akainyoosha mikono juu ya moto, niliitazama: imekuwa kama yangu ya zamani. Halafu akaichukua kata mkononi mwangu, akachota, akapuliza, akaonja, akatema. Kutema alikuwa ameshajifunza.

"Bado hii," akasema. "Haijavuta pembeni."

Mimi nilikuwa sijaonja bado. Nikamuuliza nani kamfundisha.

"Chupa zile, ofisini. Ya pili ilinikaza huku na huku, nikajua ndiyo."

"Sasa kwa nini ukachagua ya tatu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo rahisi. "Si wewe ndiye uliyenifundisha?"

Mtataka kujua nilichojifunza katika safari hiyo, nyinyi mliobaki nyumbani. Nilijifunza mikate hutembea. Nilijifunza mwenyeji akionja utazame kama anatema. Na nilijifunza kwamba wivu wangu ulikuwa umehesabu vibaya toka mwanzo, maana nilihesabu vifungo, na alichokuwa nacho yule mtu hakikuwa kwenye koti. Kitu hicho ninakitamani bado, na uzee huu haujanipunguzia.

Akarudisha kata mkononi mwangu, akafunga vifungo vyake vitatu, akatoka mvuani kufuata mzigo mwingine. Mimi nikabaki chini ya bati. Nikachota, nikapuliza, nikaonja.

Ilikuwa bado.